Wenye H

Jumamosi, mchana

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji na watoto, na hasa lile goti lako la kushoto ambalo ulisema siku hizi linatabiri mvua. Nauliza hali ya kila mmoja kwa zamu yake, kama baba alivyotuzoesha: mmeamkaje, mmeshindaje, kazi zinakwendaje. Mimi mwili haunisumbui. Kifua kimepona, macho bado yanasoma, na pale kwenye kiwanda cha chapa wanaendelea kuniita Bwana Nukta, maana juzi nilirudisha kadi mia tatu za harusi kwa kosa la nukta moja. Ningekuandikia kwamba mimi ni buheri wa afya, kama tulivyofundishwa shuleni, ila safari hii nikiandika hivyo nitakuwa nakudanganya, na nimekudanganya vya kutosha.

Namba yako ya simu ninayo, najua. Utajiuliza mtu mzima huyu anahangaika na kalamu ya nini. Dada, haya nikiyaanza kwa simu utaniuliza swali la kwanza tu, nami nitakimbilia uongo, kwa sababu uongo wenyewe nimeuzoea. Karatasi hainikatizi. Yanamhusu Mama Cherehani, mama yako wa ubatizo, aliyekulea mama alipotutoka. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukifika mwisho, kasirika utakavyo.

Nianze na kanisa, maana huko ndiko jambo lilikofumukia. Ulipoondoka ulituacha watu zaidi ya themanini. Mwaka jana tulikuwa kumi na tisa, tena hiyo ni siku nzuri. Kila mtu na benchi lake, kama abiria wasiojuana. Tunaimba, tunasomewa matangazo, tunafunga mlango, tunaenda zetu. Msoma matangazo ni mimi, na kwa miaka tangazo kubwa lilikuwa ni zamu ya nani kufagia. Basi tukaletewa mchungaji mpya, mwanamke, umri wa binti yako wa kwanza, mfupi, anatembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mimi nilinuna. Nilijisemea, haya, tumeletewa mtoto aje kutuzika.

Jumapili yake ya pili hakuhubiri. Alituuliza kanisa hili lipo kwa ajili ya nani, kisha akakaa chini kungoja jibu. We! Hata Fundi Viti, yule seremala wa mtaa wa nyuma ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, alitazama dari. Mwishowe ni yeye aliyejibu kwamba lipo kwa ajili yetu sisi tunaokuja. Mchungaji akamshukuru, akasema kama ni hivyo, siku tukiacha kuja hakuna mtu mtaani atakayegundua. Hakusema kwa ukali. Na hapo nikasikia benchi la tatu kushoto likigongwa mara mbili.

Benchi la tatu kushoto wewe huhitaji kuelezwa. Mama Cherehani alikuwa akija ibadani na subana yake kidoleni, ile kofia ndogo ya chuma ya kusukumia sindano, kwa kuwa kila Jumapili alisahau kuivua. Watu wakiitikia Amina, yeye anagonga benchi, ko, ko. Ulimwiga kwa kifuniko cha chupa, baba akakufinya. Sasa mimi mlio huo nimekuwa nikiusikia kwa miaka, na benchi tupu. Nilimwambia Fundi Viti, akasema ni mbao inakauka. Akalifungua benchi, akatia gundi, akapiga misumari minne, akajisifu wiki nzima. Jumapili iliyofuata, ko, ko. Yeye hakusikia kitu. Hata nikisoma orodha ya majina, nikifika pale lilipokuwa jina lake zamani, ulimi hujikwaa, na watu hudhani ni meno.

Mchungaji akaja nyumbani kuomba madaftari ya kanisa. Nikampa langu, safi, mistari imenyooka kama reli. Akalisifu, akaomba na lile la baba. Dada, nilimwambia limeliwa na mchwa. Akasema hata kama limeliwa, ataliangalia hivyo hivyo. Nikalitoa. Unalijua: jalada la kitambaa cheusi, mwandiko wa baba unaoegemea kulia, na alama pembeni mwa majina. M ni marehemu, hiyo iko wazi. Lakini pembeni mwa majina saba kulikuwa na H, kwa wino mwekundu. Akauliza H ni nini. Nikamjibu kama nilivyolijibu baraza la wazee miaka tisa iliyopita, baba alipofariki nikapokea ukarani: hao ni waliohama. Ndiyo maana nilipoandika daftari jipya sikuwaingiza.

Alihesabu kwa kidole. Saba, kwa kanisa la watu kumi na tisa, si haba. Akasema kama wamehama, majirani watajua wamehamia wapi. Tuwafuate tuwasalimu, wawili wawili, angalau wajue kuna mtu aliyewauliza. Nikasema hilo si jambo rahisi. Akaniuliza ugumu wake uko wapi, nami nikalifunga daftari. Akapanga jozi palepale. Mimi akanipa Fundi Viti, na jina akanipa la Mama Cherehani, akidhani ananifurahisha, kwa kuwa alishasikia habari zake na zako.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Nyumba ni ileile, ng'ambo ya reli, nyuma ya kiwanda cha sabuni, ngazi za saruji kwa nje na mlango wa bluu uliopauka. Njia nzima Fundi Viti alinihadithia jino lake. Mimi nilikuwa nahesabu ngazi. Akatufungulia mpwa wa Mama Cherehani, mwanamke mwenye miwani ambaye wewe humjui. Alikuja kumuuguza ulipokuwa umeshaondoka. Alimtazama Fundi, akanitazama mimi, akanitazama tena. Fundi akaeleza kwa furaha kwamba tumetoka kanisani na tunatafuta alikohamia Mama Cherehani. Yule mpwa akalirudia neno hilo polepole, alikohamia. Kisha akasema mama yake mkubwa hakuhama popote. Alilala katika chumba hicho zaidi ya miaka minne, upande mmoja wa mwili umepooza, na humo alitolewa mara moja tu, miaka mitano iliyopita, akiwa amebebwa na majirani.

Fundi Viti alinyamaza. Tarehe hiyo iandikwe.

Pole, dada. Najua umeishia hapo kwanza, umeiweka karatasi chini. Hukuambiwa na mtu, na mtu wa kukuambia nilikuwa mimi.

Akatukaribisha ndani. Cherehani ipo, imefunikwa kitambaa. Kitanda kipo, hakina godoro. Kando yake kuna kiti kimoja kilichoelekezwa upande wa kichwa. Fundi kwa mazoea akakiinua kukagua miguu, akakirudisha taratibu kwenye alama zake sakafuni. Mpwa akasema hicho ni kiti cha Alhamisi. Kila Alhamisi saa kumi baba yetu alikuja akakaa hapo, akamsomea, akampa habari zote za kanisani, mpaka nani kaimba kwa sauti ya mbuzi. Baba alipofariki, Mama Cherehani alilia siku mbili, kisha akasema basi atakuja mwingine. Kila Alhamisi akaagiza kiti kifutwe vumbi. Miaka minne, dada. Majirani walipomwambia awasahau watu wale, alijibu kwamba jina lake liko daftarini, tena kwa wino mwekundu, mzee alimwonyesha mwenyewe. Karani mpya akilifungua tu ataliona.

Nikakaribishwa kukaa, na kiti kilikuwa hicho kimoja. Nikakaa. Dirisha linatazama paa la kanisa letu. Kengele yetu, ile niliyokuwa nasema inapigwa kwa ajili ya mabenchi, alikuwa akiisikia kila Jumapili.

Fundi Viti ndiye aliyeuliza, kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo, hiyo H basi ilikuwa na maana gani. Mpwa akashangaa kuulizwa. Akasema mzee aliiandika mbele yao: H, hawezi. Wagonjwa, wasiojiweza, wa kutembelewa. Unakumbuka nilikuandikia kwamba baba katika siku zake za mwisho alikuwa akirudia hawezi, hawezi, na mimi nikadhani ulimi unamteleza, anataka kusema siwezi, nikaumia kumsikia akijisikitikia? Hakuwa akijisikitikia. Alikuwa akinikabidhi kazi.

Yaliyofuata yangekufurahisha kama yangeandikwa na mtu mwingine. Fundi Viti alikwenda mbio kwa mchungaji, akalisimulia kosa lile kwa kila mwenye masikio, tena kwa kunionea huruma: jamani, herufi moja tu, nani asingekosea? Kati ya wale saba, watatu wameshakufa, Mama Cherehani mmojawapo. Mmoja alikuwa amehama kweli, na nilipoambiwa nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Watatu wako hai. Mwalimu wetu wa hesabu, kumbe amepofuka, yuko chumba cha nyuma kwa mwanawe. Alipoambiwa ni watu wa kanisa, aliuliza tumechelewa dakika ngapi. Sasa mpiga kengele anamsomea gazeti, na wanagombania kila habari mpaka jirani anagonga ukuta.

Kanisa limeamka, dada, sikufichi. Kila Alhamisi saa kumi mlango unafunguliwa, watu wanagawana majina na kutoka wawili wawili. Kuna wanaofua mashuka, kuna wanaopeleka wagonjwa kliniki, Fundi anaimarisha vitanda na kuongea mpaka mgonjwa anajifanya amelala. Majirani nao wakaanza kusema na kwetu yuko mmoja, ila si wa kanisa lenu. Mchungaji akasema mwandikeni. Leo daftari lina H thelathini na moja, na nusu yao hawajakanyaga kwetu wala hawajaombwa kukanyaga. Jumapili iliyopita tulikuwa arobaini na sita. Mchungaji aliuliza tena lile swali lake, na kanisa zima likajibu, kwa ajili ya wenye H. Watu walilia. Fundi amechonga H ya mbao, kubwa kama ubao wa kichwani wa kitanda, ameitundika ukutani juu ya meza yangu. Nasoma matangazo nikiwa chini yake.

Na mimi wamenifanya shujaa. Wanasema daftari la Bwana Nukta ndilo lililotufufua. Kesho wanataka kuninyooshea mikono kunichagua niwe kiongozi wa huduma ya Alhamisi, nikae mahali pa baba. Mpwa wa Mama Cherehani atakuwepo. Ameanza kuja, na hakuna aliyemwonyesha pa kukaa, lakini anakaa benchi la tatu kushoto.

Sasa lile lenyewe. Kusoma vibaya nilisoma vibaya kweli, ila kosa hilo lilidumu wiki sita tu. Wiki ya sita baada ya mazishi ya baba, watu wameshatoka ibadani, nafunga mlango, akaja binti mwembamba anahema. Akasema mama mkubwa anawasalimu, hawezi, anauliza nani atakuja Alhamisi badala ya mzee. Alilitamka neno lenyewe, dada. Hawezi. Papo hapo nikaijua ile H, zote saba. Nikamwambia nitawafikishia wazee.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari langu jipya. Wiki moja kabla, baraza lilikuwa limelipigia makofi, na mwenyekiti alisema mtu wa kiwanda cha chapa hawezi kukosea herufi. Nikasema nitalisema Jumapili ijayo. Jumapili ikaja, nikasema ijayo. Baada ya miezi miwili halikuwa tena kosa la kusoma. Ningeulizwa miezi miwili nilikuwa wapi. Baada ya mwaka ningeulizwa mwaka. Ni hivyo tu, hakuna kingine. Hatukugombana. Nilimpenda yule mama, alinishonea sare yangu ya kwanza ya shule. Niliona aibu, basi, na aibu yangu nikaitunza vizuri kuliko nilivyomtunza yeye. Yeye na wale wengine, ambao nao walilala wakingoja mlango ugongwe.

Ndipo barua yako ikaja, unauliza hali yake kwa kuwa hakuwa na simu. Nikakujibu kwa mwandiko mzuri kwamba amehama, hakuacha anuani. Nyumba yake kutoka kwangu ni mwendo wa nusu saa kwa mguu.

Mpwa wake alinitambua siku ile kabla sijakaa. Hakusema mbele ya Fundi. Tulipoaga alinibakiza ngazini, akaniambia kwamba baada ya kuja pale mlangoni alitaka kurudi kutukumbusha, ila mama mkubwa alimkataza. Alisema tukiitwa mara ya pili tutaona aibu. Kisha akanitia kitu kiganjani, akasema aliachiwa ampe karani atakapokuja. Ilikuwa subana. Iko hapa mezani ninapoandika, ina vishimo vidogo vidogo vya sindano, na upande mmoja chuma kimelika kabisa. Tangu niilete nyumbani benchi halijagongwa hata mara moja. Nilidhani nitapumua. Kumbe sasa nakaa kule mbele nikisikiliza, Amina inaitikiwa, nangoja, hakuna kitu, na ukimya huo unanitisha kuliko ule mlio.

Naogopa, dada. Naogopa kwamba watu wakijua, ile H ukutani watashindwa kuitazama, na kazi itakufa, na wale thelathini na mmoja watabaki wakifuta vumbi viti. Naogopa pia kwamba hiyo ni sababu nyingine nzuri ninayojitungia. Nimekuwa hodari wa kujitungia. Kwa hiyo barua hii naitia posta leo kabla hawajafunga, makusudi, maana ikishaanguka ndani ya sanduku siwezi kuitoa. Kesho kabla mkono wa kwanza haujanyooshwa nitasimama niwaambie yote, kwa maneno haya haya, mbele ya yule mpwa. Nikinywea, ushahidi unao wewe. Mwandikie mchungaji. Na kwenye orodha ya Alhamisi ijayo nimejiandika na mimi, jina langu, na H pembeni kwa wino mwekundu. Atakayepangiwa aje, asipopangiwa mtu nitaelewa.

Sikuombi unijibu upesi. Nisalimie shemeji, mwambie ile redio aliyonipa bado inakoroma. Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na yule mdogo umwambie mjomba anamkumbuka. Mchungaji wetu anakusalimu bila kukujua, na Fundi Viti anasema ukija akutengenezee kigoda cha kuwekea goti.

Ndani ya bahasha utakuta barua zako tatu kwa Mama Cherehani, zile ulizozitia ndani ya barua ulizoniandikia mimi, ukaniomba nimfikishie nikisikia alipo. Sikuzifungua. Ya mwisho uliandika juu yake: Kwa mama yangu, popote ulipo.

Alikuwa nyumbani.

Ndimi mdogo wako,
Nukta